Vidole Viwili vya Dirisha

Jumatatu, 2 Machi

Mvua za msimu zimeanza leo saa kumi na mbili na robo asubuhi. Kazini ninalo daftari la ukaguzi. Hili ni la nyumbani, na nimelinunua ili mambo ya gari yasichanganyike na mambo ya serikali.

Jambo la gari ni hili. Mimi ni mkaguzi wa mizani, na mkaguzi hutembea na mawe yake ya kupimia. Nyuma ya gari letu refu la dizeli nimepakia mawe kumi na manne ya chuma, kila moja kilo ishirini, pamoja na sanduku la mawe madogo ya shaba. Ni karibu kilo mia tatu. Springi zinalala, nayo ncha ya ekzosi, inayochomoza chini ya bampa la nyuma, hukwangua kila tuta la barabarani. Leo tuta la soko kuu limeipinda kabisa. Kesho naenda gereji.

Jumanne, 3 Machi

Fundi wetu anaitwa Bomba. Wenzake ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa hakuna bomba la ekzosi lililowahi kumshinda. Aliinama, akachungulia, akainuka huku akifuta mikono kwenye suruali.

"Mzee, hapa dawa ni moja. Tukate."

"Tukate nini?"

"Huu mkia. Gari si mbuzi, bila mkia linakwenda vilevile."

Nilimchorea mchoro kwa rula, vipimo kwa milimita: sailensa iliyotoboka itolewe, bomba liwe moja lililonyooka, likatwe chini ya sakafu mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, ncha yake itazame chini. Bomba aliukunja mchoro kwa heshima kama cheti. Alisema hajapata mteja wa namna hii, na kwamba mlimani nitaona tofauti. Nilidhani anazungumzia uzito wa sailensa iliyotolewa.

Jumatano, 4 Machi

Matuta yote tumeyapita bila kugusa. Gari lina nguvu mpya na kelele mpya. Mke wangu anasema tunasikika kama trekta lililotukanwa.

Ijumaa, 6 Machi

Moshi mweusi, mwingi, kila tunapopanda mlima. Asubuhi, injini ikiwa baridi, ni mweupe kidogo na hupotea baada ya dakika tatu. Huo ni unyevu. Mweusi ni dizeli iliyozidi hewa. Nimelitoa chujio la hewa: chafu. Nimeweka jipya.

Jumatatu, 9 Machi

Chujio jipya limepunguza moshi kidogo tu.

Utaratibu wetu wa asubuhi ni mmoja. Mke wangu hukaa mbele, nasi humshusha posta, anakofanya kazi ya ukarani, baada ya dakika kumi. Binti yetu hukaa nyuma, upande wa kushoto, kwa sababu nusu ya kulia ya kiti cha nyuma nimeilaza ili mawe yapate nafasi. Kutoka posta hadi shuleni kwake ni dakika thelathini na tano.

Ana miaka saba. Amepewa jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo nyumbani hakuna anayethubutu kumwita kwa jina. Tunamwita Bibi, naye hutuamuru ipasavyo. Kwa sababu ya mvua madirisha yote hufungwa, isipokuwa langu la dereva, ambalo hulishusha vidole viwili ili mtoto apate hewa safi.

Leo alipokuwa akishuka alisema kichwa kinamuuma. Nilimpa maji.

Jumanne, 10 Machi

Kichwa tena. Mlinzi wa lango la shule, mtu mwenye mdomo, alinipigia kelele mbele ya wazazi wenzangu: "Zima gari, mzee! Unatufukiza kama mbu!" Watu walicheka. Utovu wa adabu.

Alhamisi, 12 Machi

Mwalimu wake wa darasa amepiga simu. Bibi husinzia kipindi cha kwanza, na jana alitapika kabla ya mapumziko. "Baada ya saa nne anachangamka," alisema mwalimu, "mpaka namwambia apunguze maneno."

Jumamosi, 14 Machi

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuja kututembelea. Bibi alimshinda mbio uani mara tatu, na mara ya tatu mjomba mtu hakuwa akimwachia.

"Shemeji, mwanao hana ugonjwa, ana shule," alisema akihema. "Hicho kichwa cha Jumatatu mpaka Ijumaa hata mimi ninacho, ila mimi hakuna anayenipa maji."

Tulicheka wote. Nami nilicheka.

Jumanne, 17 Machi

Nimemgombeza. Aliposema "Baba, gari linanichosha," nilimwambia gari ndilo linalochoka, yeye amekaa tu. Nikamwambia aache kudeka. Alinyamaza. Sikutegemea anyamaze upesi kiasi kile.

Alhamisi, 19 Machi

Zahanati. Malaria hana. Damu inatosha. Macho mazima. Muuguzi alishauri alale mapema. Hulala saa mbili.

Jumatatu, 23 Machi

Mke wangu ameleta sweta ya shule ya Bibi mezani, akaiweka puani pangu.

"Nusa."

"Moshi," nilisema. "Jiko la shule yao linatumia kuni, na madarasa ya watoto wadogo yako upande upepo unakoelekea."

"Huu si moshi wa kuni, baba Bibi. Moshi wa kuni naujua, nimekulia humo."

Nilimweleza tena kwa utaratibu. Aliikunja sweta akaenda kuifua. Maelezo yangu yalikuwa kamili. Nilipoyarudia peke yangu sikuona penye ufa.

Jumatano, 25 Machi

Ili kumridhisha, nimelipima gari. Nililiegesha uani, nikaliwasha, nikafunga madirisha yote ila langu, nililolishusha vidole viwili, sawasawa na asubuhi. Nilitundika leso nyeupe yenye maji nyuma ya kiti cha mtoto, nikakaa mahali pake na daftari magotini kwa dakika thelathini na tano. Sikunusa kitu. Leso ilibaki nyeupe. Nilirudia mara ya pili, nikapata jibu lilelile.

Katika kazi yetu kuna kanuni ambayo mwanafunzi hufundishwa siku ya kwanza: mizani haisomwi mpaka itulie. Gari lilikuwa limetulia, kipimo kimerudiwa, jibu ni moja. Nilimpelekea mke wangu leso. Aliitazama mbele na nyuma.

"Haya," alisema.

Gari halina hatia. Basi tatizo limo ndani ya mtoto, na niliposimama uani na leso ile mkononi niligundua kwamba nilikuwa nimetamani sana liwe ndani ya gari.

Ijumaa, 27 Machi

Hospitali kubwa. Daktari wa watoto ni mwanamke mpole, anayeandika polepole. Aliuliza maumivu huja saa ngapi. Nikasema asubuhi. Anatapika? Asubuhi. Aliiweka kalamu chini.

"Maumivu ya asubuhi pamoja na kutapika," alisema, "hatuyaachi hivihivi. Tutapiga picha ya kichwa. Mara nyingi hatuoni kitu."

"Na mara zisizo nyingi?"

Alimtazama Bibi, aliyekuwa akihesabu vigae vya sakafu kwa kidole cha mguu. "Tunatafuta uvimbe," alisema kwa sauti ya chini.

Foleni ya mashine ni ndefu. Tumepewa Jumatano, tarehe 15 Aprili. Siku kumi na tisa.

Mke wangu hakulia mpaka tulipofika nyumbani. Mimi nilijipa kazi ya kupanga stakabadhi za hospitali kwa tarehe. Zilikuwa nne. Nilizipanga kwa muda mrefu.

Jumapili, 29 Machi

Mzima. Amecheza, amegombana na mama yake juu ya kuchana nywele, ameshinda. Kila anapocheka nahesabu: je, anaona vizuri, je, anatembea sawa? Furaha yake inanitisha kuliko maumivu yake, kwa sababu nadhani ugonjwa umejificha nyuma yake.

Jumanne, 31 Machi

Kichwa.

Jumatano, 1 Aprili

Kichwa. Moshi mweusi. Bomba anasema pengine nozeli za kunyunyizia dizeli. Nilimwambia sina muda wa nozeli.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mke wangu aliuliza kama Bibi abaki nyumbani mpaka siku ya picha. Nilikataa. Nilisema daktari hakuagiza hivyo, na mtoto akivunjiwa utaratibu wake ataogopa. Ukweli ni kwamba anayeogopa ni mimi, na utaratibu ni wangu.

Jumatano, 8 Aprili

Nimeanza kumtazama kwenye kioo cha dereva. Baada ya posta hutazama nje, kisha hutazama magoti yake, kisha hufumba macho. Leo alifumba macho tulipofika kituo cha mafuta. Jana, daraja la pili.

Alhamisi, 9 Aprili

Ninaandika hospitalini, kwenye benchi, kwa kalamu ya kuazima. Nitaandika kwa mpangilio wa matukio.

Saa moja kasoro kumi tulimshusha mke wangu posta. Saa moja kamili tulikuta barabara kuu imefungwa. Mto umepanda juu ya daraja la pili. Askari alituelekeza barabara ya mzunguko, ile ya milimani. Ni ndefu mara tatu, kupanda tu. Mvua ilikuwa ikipiga paa kama kokoto zinazomwagwa. Gari lilinguruma kwa gia ya pili kilima baada ya kilima, na kwenye kioo cha pembeni nyuma yetu hapakuwa na barabara, palikuwa na moshi.

Kioo cha kati kilijaa ukungu. Sikumwona mtoto. Nilimwonea huruma kwa joto lililokuwamo, nikaongeza kidole cha tatu kwenye dirisha langu.

Saa mbili na dakika ishirini tulifika. Nilizunguka kumfungulia mlango. Alikuwa ameegemea upande wa mawe, shavu lake juu ya chuma. Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake kamili, jina la mama yangu, ambalo sijalitamka kwa ukali maisha yangu yote. Kichwa chake kiliniangukia mkononi kwa uzito wake wote. Najua uzito; ndiyo kazi yangu. Sijawahi kushika kitu kizito vile.

Nilimtoa garini kwenye mvua. Sikujua ninakwenda wapi. Mlinzi wa lango alikuja akikimbia bila koti.

"Mlaze! Mlaze hapa chini ya bati, upande wa upepo! Mlaze ubavu!"

Alipumua. Pumzi moja, kisha kimya, kisha nyingine. Nilikuwa nikihesabu katikati. Mlinzi alimfungua kola. Baada ya muda ambao sikuupima, Bibi alitapika, akafungua macho, akamtazama mlinzi, akayafumba tena.

"Hospitali," nilisema, nikamnyanyua, nikarudi naye garini.

Mlinzi alitangulia kunishikia mlango wa nyuma. Aliingiza kichwa ndani, akakitoa upesi, akaufunga mlango kwa kishindo.

"Humo harudi."

"Nipishe!"

"Mzee, nisikilize. Mimi nimelinda jenereta la dizeli miaka minne, ndani ya kibanda. Mwenzangu wa zamu tulimkuta asubuhi amekaa kitini kama anangoja chai. Hewa ya humo naijua. Mtoto humo harudi, hata kama utanipiga."

Ningempiga, nadhani. Lakini mwalimu wa darasa alikuwa amekwisha kuleta gari lake, madirisha yote manne wazi, mvua ikiingia. Tuliloa mpaka mifupani. Njia nzima Bibi alikuwa mapajani pangu, na mkono wangu ulikuwa mbele ya pua yake.

Amewekewa hewa ya oksijeni. Mama yake amekaa kitandani upande wa pili. Tangu afike hajanitazama.

Ijumaa, 10 Aprili

Ameamka, ameomba maji, ametaja siku za juma. Kwenye neno Alhamisi alikwama kidogo.

Daktari alinieleza. Kuna hewa ya sumu inayotoka katika moshi wa injini. Yenyewe haina rangi wala harufu. Hukamata nafasi ya oksijeni katika damu. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo hujaa mapema. Huumwa kichwa, hutapika, husinzia. Akitoka kwenye hewa hiyo kwa saa chache, hupona, na kesho yake hurudishwa.

"Wewe hukuhisi kitu?"

"Hapana. Nilikuwa mbele. Na gari nililipima."

"Ulilipima vipi?"

Nilimweleza kuhusu uani na leso. Hakunicheka. "Na lilipokuwa likitembea?" aliuliza.

Nilijua wakati huohuo kwamba hakuna mkaguzi mwenye akili zake ambaye angekosa jibu la swali hilo.

Jumapili, 12 Aprili

Nilimwita Bomba. Nilimwambia yote kabla hajaligusa gari. Alikaa juu ya tairi la akiba, akashika kichwa.

Tulilipima upya. Mawe yote yalibaki mahali pake. Nilikata karatasi laini za chooni vipande vyembamba, nikavibandika kwa juu, safu nzima, kuuzunguka mlango mkubwa wa nyuma, vining'inie ndani. Bomba aliendesha kwenye barabara ya milimani. Mimi nilikaa mahali pa mtoto, kitambaa cheupe usoni.

Madirisha yote yakiwa yamefungwa, karatasi zilitikisika kidogo tu kwa mwendo wa gari.

"Shusha dirisha lako," nilimwambia Bomba. "Vidole viwili."

Akashusha. Kwenye kona ya chini ya kulia, karatasi tano ziliinuka pamoja na kuelekea ndani, kwangu, zikakaa hivyo zimenyooka. Nikasema afunge. Zikaanguka. Afungue. Zikainuka. Tulirudia mara sita. Mara ya tatu nilianza kunusa. Mara ya sita kitambaa kilikuwa na doa la kijivu mahali pa pua, na kichwa changu kilikuwa kimeanza kugonga, juu ya jicho la kushoto, palepale alipokuwa akinionyesha mtoto.

Sababu naiandika kwa ukamilifu. Gari linapokwenda, upepo unaopita nje hunyonya hewa ya ndani kupitia uwazi mwembamba wa dirisha la mbele. Hewa inayotoka lazima ifidiwe, nayo huingia penye upenyo. Upenyo ulikuwa kona ile: ukingo wa sanduku la mawe, kila ninapolisukuma ndani, umeuponda mpira wa mlango hadi ukawa bapa kama utepe. Na chini ya kona hiyo ndipo unapokusanyika moshi wa bomba ambalo halifiki tena nje ya bampa, kwa mchoro wangu, kwa milimita zangu. Gari likisimama hakuna kinachonyonywa. Uani, leso ingebaki nyeupe hata mwaka mzima.

Mimi mbele nilikuwa nikipumua mvua.

Bomba alizima injini. Alikaa bila kugeuka.

"Mzee, kuna jambo jingine. Siku ile, kwenye pampu ya dizeli kuna skrubu. Niliizungusha. Robo tu. Nikuongezee nguvu, na mzigo wako ule."

"Sikukuagiza."

"Najua. Ilikuwa zawadi. Wateja wengine wananiita 'wee' tu. Wewe ulinichorea mchoro."

Miaka ishirini na mbili nimewaambia wauza nafaka kwamba nyongeza isiyopimwa ni kosa sawa na upungufu. Nilitaka kumwambia na yeye. Alikuwa akilia, mtu mzima, kwa hiyo nilimpa kitambaa. Kisha nikakumbuka ni kile chenye doa, nikakichukua tena.

Jumatatu, 13 Aprili

Bibi ameruhusiwa kurudi nyumbani. Amekuja na gari la shemeji, akiwa ameshika kitasa cha dirisha njia nzima.

Alipolala mchana nilimweleza mke wangu nilichogundua. Bomba, skrubu, mpira wa mlango, mchoro. Nilianza na sababu zile ndogo.

"Na hewa iliingiaje mpaka kwake?" aliuliza.

"Ilivutwa na dirisha la mbele."

"Nani alilishusha?"

"Mimi. Kila siku. Ili apate hewa."

Alikunja nguo nne za mtoto, moja baada ya nyingine, kisha akazikunjua zote.

"Nilikuletea sweta," alisema. "Nilikuwekea puani. Ulichukua maneno yangu ukayapima, ukayaona pungufu."

"Ndiyo."

"Mtoto naye alikwambia. Kwa mdomo wake."

"Ndiyo."

"Basi usiniambie pole leo. Nitakwambia siku ya kuniambia."

Jumatano, 15 Aprili

Picha ya kichwa imepigwa kama ilivyopangwa. Hakuna uvimbe. Nilishukuru kwa sauti. Watu kwenye benchi wakanipa hongera.

Halafu daktari alituita faragha. Kwa waliovuta hewa hii kwa muda mrefu, alisema, mara chache madhara hujitokeza baadaye: wiki mbili, nne, hata sita. Mtu amepona, anacheka, kisha anaanza kusahau. Maneno yanampotea, hatua zinamvurugika. Kwa mtoto ni nadra zaidi. Lakini tumwangalie, na turudi tarehe 22 Mei.

Jumamosi, 18 Aprili

Bomba ameunga bomba jipya hadi nje ya bampa, amerudisha sailensa, amefunga mpira mpya, amerudisha skrubu mbele ya macho yangu. Hakuna moshi mweusi. Tumelipima gari likitembea, karatasi zote zimelala. Ofisi imekubali mawe yabebwe na pikapu ya serikali. Bibi hataki kupanda gari letu, na hakuna atakayemlazimisha. Tunakwenda shule kwa basi, tukikaa dirishani.

Jumanne, 21 Aprili

Nilikwenda kumshukuru mlinzi. Nilikuwa nimeandaa maneno. Alisema, "Mzee, umeloa, ingia chini ya bati," tukasimama hapo mpaka kengele ikalia. Nilimuuliza jina la mwenzake wa zamu. Alinitajia.

Ijumaa, 24 Aprili

Amesahau daftari la hesabu nyumbani.

Jumamosi, 25 Aprili

Mke wangu anasema watoto wote husahau madaftari. Alisema mara mbili.

Alhamisi, 30 Aprili

Alimwita mjomba wake kwa jina la jirani. Shemeji akacheka: "Bibi kazeeka!" Hakuna mwingine aliyecheka, naye shemeji akatutazama mmoja mmoja.

Jumanne, 5 Mei

Nimemuuliza saba ongeza nane. Kumi na tano. Nimemuuliza siku za juma kutoka nyuma. Amenitajia, kisha akauliza, "Baba, mbona unanikagua?"

Jumatano, 6 Mei

Nimeacha kumuuliza. Nasikiliza mlangoni anapocheza.

Alhamisi, 14 Mei

Alianza kusimulia hadithi, akafika katikati, akasema, "Halafu… halafu nini?" Nikashika meza. Akaendelea. Mvua zimepungua, sasa nasikia kila kitu kinachosemwa ndani ya nyumba.

Ijumaa, 22 Mei

Jua. Tulifika saa nne kamili.

Daktari alimketisha Bibi kwenye kiti kirefu, miguu yake ikining'inia. Alimtembeza juu ya mstari, akamgusisha pua kwa kidole, akamwambia achore saa. Bibi alichora saa, akaongezea paka juu yake. Kila swali lilifuatwa na kimya kifupi kabla ya jibu, na katika kila kimya mimi nilifungua mdomo.

"Baba, mwache mwenyewe," alisema daktari.

Mke wangu aliweka mkono wake juu ya wangu. Ni mara ya kwanza tangu Aprili.

"Sasa la mwisho," daktari alimwambia Bibi. "Niambie kuhusu siku ile ya mvua uliyolala garini. Unakumbuka chochote?"

"Nakumbuka."

"Anza popote."

"Mama alishuka posta. Askari alikuwa na koti la njano. Akasema mto umekaa barabarani." Alitazama miguu yake. "Tukapanda mlima. Kichwa kikaanza. Baba hapendi nikisema kichwa, kwa hiyo nikanyamaza kwanza. Halafu mikono ikawa kama si yangu. Nikamwita baba."

Bibi alinigeukia.

"Hakusikia," alisema, kana kwamba ananitetea. "Gari lilikuwa linapiga kelele na mvua inapiga kelele. Nilikuwa namwona shingo. Nikamwita tena."

Niliuhisi mkono wa mke wangu ukikaza. Nilitaka kuuliza, na sikuwa na haki ya kuuliza. Daktari ndiye aliyeuliza, kwa upole, kalamu ikiwa tayari juu ya fomu.

"Uliita mara ngapi, mwanangu?"

Bibi alifikiri. Aliinua mkono, akakunja vidole kimoja kimoja, kwa uangalifu, ili asikosee.

"Mara nne," alisema. "Ya tano niliianza tu."

"Unakumbuka vizuri sana," alisema daktari, akatutazama kwa furaha ya kweli, akaandika kwenye fomu kwamba kumbukumbu ni kamili.